Mama, Mi Sisikie

Niliingia darasa la ushonaji nikiwa na jambo moja kichwani: kukata kitambaa. Kushona mstari ulionyooka hata mtoto anaweza. Anayekata ndiye fundi, ndiye mwenye wateja, nami nilikuwa nimechoka kuosha madini kutwa nzima, mgongo umepinda, miguu majini.

Siku ya kwanza mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti laini, alimwuliza kila mmoja anatoka wapi. Nikasema natoka kariere, kule kwenye mashimo ya wachimbaji. Akanitazama miguu kabla ya uso. Alipoanza somo, nikainua mkono.

“Mama, mi sisikie.”

Sikio langu la kushoto lilikufa utotoni kwa usaha, na cherehani zilikuwa zinapiga kelele. Lakini kwetu Kolwezi kusikia ni kwa masikio na kwa akili pia, yaani kuelewa, na yeye akachagua akili. Akawaambia wenzangu wasinicheke, watu wa kariere vichwa vyao vimejaa mchanga. Kisha akanihamishia benchi la nyuma nishone vifungo, karibu na dirisha. Nje ya dirisha hilo ndipo jenereta ilipokaa.

Basi nikawa mtu wa vifungo. Kila nikisema sisikie, alinijibu polepole kwa maneno ya kitoto, midomo inacheza tu, nami sipati hata neno moja. Nilimchukia, sitaki kudanganya.

Asubuhi moja jenereta iliishiwa mafuta, darasa zima likawa kimya. Mwalimu akaeleza habari ya kwapa la blauzi, halafu akawauliza wa mbele kwa nini hukatwa kwa kupinda. Nikajibu mimi kutoka nyuma: ili mkono uweze kuinuka. Alibaki amenikodolea macho, na hapo nikamweleza kuhusu sikio.

“Juu ya nini haukusema?” akauliza, akitaka sababu.

“Nilisema, mama. Kila siku.”

Akaja upande wangu wa kulia, akanipa mkasi, akanieleza jinsi ya kukata shingo ya blauzi. Nilipigwa na bumbuwazi. Lilikuwa jambo dogo mno, angemaliza kulieleza chai haijapoa, na kwa ajili yake nilikuwa nimeshona vifungo msimu mzima wa mvua. Nikakata, huku nikilia kwa hasira juu ya kitambaa cha watu.