Mjapani na Kiti cha Abiria

Mtaa mzima ulimwita Mjapani, na fundi saa huyu hakukasirika hata siku moja. Kwa miaka thelathini alikuwa amemiliki magari matatu, yote ya spoti, yote ya Kijapani, yote mekundu. La kwanza alilinunua likiwa limeoza sakafu, mvua ikinyesha abiria analowa miguu. La pili alilifunga tabo ya kuipa injini nguvu zaidi bila kubadilisha pampu ya mafuta. Kila mtu alimkataza, akaziba masikio, na pistoni ikatoboka wiki hiyohiyo. Basi la tatu akalijenga kwa subira ya mtu aliyezoea kibano na lenzi: injini na tabo yake, breki, ekzosi, kisha springi fupi zilizolishusha hadi paka akashindwa kupita chini yake.

Mwisho akang'oa viti vya mbele, akafunga vya mashindano, vyenye kingo ndefu za kumbana mtu kwenye kona. Hapo ndipo alipochemka.

Mkewe, mkunga wa hospitali, alikuwa abiria wake tangu gari la kwanza. Ndiye aliyelowa miguu, ndiye aliyemshikia tochi. Lakini goti lake lilipoanza kusumbua, kuingia kwenye kiti kile kukawa kazi na kutoka kukawa kesi. Siku moja alikwama, mguu mmoja ndani, mwingine nje, majirani wanatazama. Alicheka, ila hakupanda tena.

"Baba watoto, gari lako nalipenda," alimwambia. "Lenyewe ndilo halinipendi."

Miaka minne akapanda teksi. Sasa Ijumaa ilikuwa siku yake ya mwisho kazini kabla ya kustaafu, na tayari alishampigia dereva wa teksi. Mjapani aliumia. Siku ya kwanza alimpeleka yeye. Iweje ya mwisho apelekwe na mtu baki?

Jumatano akaenda gereji alikofungiwa vile viti. Kiti cha zamani cha abiria kilikuwapo ofisini, kimeegeshwa juu ya vyuma viwili, na mwenye gereji amekikalia anakunywa chai.

"Inuka kaka, nimefuata kiti changu."

"Chako? Miaka yote hii nakikalia mimi, leo ndiyo umekikumbuka?"

"Ni cha shemeji yako."

Mwenye gereji akainuka mara moja, akakipangusa kwa kiganja. "Na zile springi je? Kiti peke yake hakitamsaidia."

Mjapani akalitazama gari lake lilivyolala chini. Alilipenda hivyo, picha yake aliitundika dukani. "Za zamani ninazo stoo," akasema. "Rudisha zote nne."

"Litafanana na gari la mwalimu mkuu!"

"Lifanane."

Ijumaa asubuhi mkunga alitoka na sare na mkoba wake, akalikuta gari limesimama mlangoni, limenyanyuka. Akakitazama kiti, kikiwa bado na doa la chai. Akakaa kwanza, kisha akaingiza miguu, mmoja mmoja, na mlango akaufunga mwenyewe. Mjapani machozi yakamlenga. Akaendesha taratibu, akikwepa kila shimo kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Mkewe akampigia yule dereva wa teksi. "Mwanangu, usije, nimepata usafiri." Akaiweka simu mkobani, akamgeukia mumewe.

"Mzee, ile tabo umeiuza? Kanyaga bwana, kina mama wananisubiri."