Kiduara Sebuleni kwa Bernadina

Kama televisheni ingekuwa na mashavu, Bernadina angekwisha kuizaba kofi. Lakini haina. Ina kioo kipana cheusi, na katikati ya kioo hicho kuna kiduara cheupe kinazunguka tu, kinazunguka, kinazunguka, wala hakina aibu. Alikuwa amekaa mbele yake tangu atoke misa ya asubuhi, rimoti mkononi, akiitukana kwa Kisukuma kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimemwishia.

"We dude," akarudi kwenye Kiswahili, "siku zote za Mungu umenisumbua nikanyamaza. Na leo pia?"

Na leo haikuwa siku ya mchezo. Saa sita mchana, huko Italia, binti yake Paskalia alikuwa anaweka nadhiri za daima, awe mtawa moja kwa moja, na masista wenzake walisema wangeirusha ibada hiyo mubashara. Hilo peke yake lingetosha kumtoa mama jasho. Ila aliyempa wasiwasi hasa ni mumewe, Kalisti, aliyekuwa chumbani anavaa shati.

Kalisti ni mchuuzi wa ng'ombe, mtu mwenye sauti ya mnadani hata anapoomba chumvi. Paskalia alipotangaza kwamba anakwenda utawani, baba yake alikuwa keshaongea na wazee wa upande wa pili, keshamwona mkwe, na wajukuu pia keshawaona kwa macho ya moyo. Siku binti anaaga, mtaa mzima wa Ngokolo ulisikia alichoambiwa: "Nenda. Ila mimi nimeshakuzika."

Tangu siku hiyo simu ya Paskalia ikiita, Kalisti anatoka nje kwenda kuangalia mbuzi. Bernadina akabaki mjumbe katikati yao. "Baba yako anakusalimia sana," anamwambia binti, na hakuna aliyesalimia. "Paskalia anakuombea," anamwambia mume, na mume anauliza kama mbuzi wamenyweshwa maji. Jamani, kazi ya kubeba salamu ambazo hazikutumwa inachosha kuliko kubeba kuni.

Halafu juzi, wanakula michembe, vile viazi vilivyokaushwa, Kalisti akasema bila kuulizwa, "Hiyo misa ya huyo mtoto, itaonekana kwenye TV?"

Bernadina nusura apaliwe. "Itaonekana."

"Nitakaa niangalie. Lakini hilo lidubwasha likianza kuzunguka-zunguka, nanyanyuka naenda zangu mnadani. Na usiniletee tena habari hizo."

Usiseme wangeangalia kwenye simu. Macho ya Kalisti yana ukungu, simu anaiona kama kipande cha sabuni. Kama si TV, basi hakuna.

TV yenyewe aliileta mtoto wao wa kwanza, Benjamini, anayefanya kazi mgodini Geita. Haina ubaya. Ubaya ulikuwa wa mtandao. Ruta ilipoletwa, Kalisti aligoma isikae sebuleni, kwa sababu wezi walikuwa wamevua redio ya jirani kwa ndoano kupitia dirishani. Akaamuru iwekwe stoo. Fundi Stanslaus akaupitisha waya kwenye dirisha dogo la stoo, akaupigilia misumari ukuta mzima, akaifunga ruta juu ya rafu. "Hapo hata jini haigusi," Kalisti akasema, karidhika kabisa.

Sasa stoo hiyohiyo ndiyo inayotunza vyombo vya kikundi. Bernadina ni mtunza vyombo wa kina mama wa mtaa. Masufuria ya pilau ambayo mtoto anaweza kuogea ndani, masinia, mabeseni, madeli, vyote vimepangwa mpaka vinagusa dari, na ufunguo anautembeza shingoni kama rozari. Vyombo vile havitoki bila shughuli. Msiba, harusi, kipaimara, basi. Hata yeye mtunzaji hana ruhusa ya kuchemshia maharage yake. Ndiyo maana masufuria yale yakionekana uani, watu hawaulizi maswali, wanajifunga khanga wanakuja.

Basi mtandao ukaanza visa. Picha inakuja, inakwama, inapotea. Stanslaus akaja, akazima, akawasha, akasimama mlangoni mwa stoo akaona taa ya kijani inamwangalia juu ya masinia, akasema, "Ruta nzima hii, mama. Tatizo ni TV yenu." Watu wa mtandao wakasema kwa simu kwamba laini haina shida, labda ni mvua. Mvua! Shinyanga ilikuwa inapigwa jua mpaka mbwa wanahema. Benjamini naye akipigiwa huko Geita anasema, "Mama, iambie TV isahau mtandao, halafu uunge upya." Maana yake aiandike nywila kwa rimoti, herufi moja moja, huku anauliza kubwa au ndogo, na akikosea mwishoni anaanza upya. Waliihamisha TV ukuta. Walikiondoa kitambaa cha kufuma kilichokuwa juu yake. Wapi!

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba siku nyingine mtandao ulishuka wenyewe, safi kama maji ya chupa. Wiki ya harusi ya Rebeka, binti wa jirani, picha hazikukwama hata kidogo. Wakati wa msiba wa mzee wa kona, vilevile. Na siku hizo yeye hana nafasi hata ya kukaa, yuko kwenye mafiga anasonga ugali wa watu! "Huu mtandao una roho mbaya," alikuwa akisema. "Unasubiri niwe sipo."

Kalisti akatoka chumbani. Shati jeupe, kofia, na fimbo ya mnadani mkononi. Akakaa kwenye ukingo wa kochi kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

Kiduara kikazunguka. Picha ikaja: kanisa, maua, mgongo wa askofu. Ikaganda. Kiduara tena.

"Imeanza," Kalisti akasema.

"Bado, Baba Benjamini, bado, subiri kidogo."

"Hodi humu!"

Alikuwa Juliana, jirani na mwanakikundi mwenzake, ana kipaimara cha mwanawe kesho na amekuja kuchukua masinia. Bernadina alitamani ardhi immeze, au immeze Juliana.

"Mama Nelly, ndugu yangu, sasa hivi?"

"Dakika moja tu, Mama Benjamini. Nikabidhi, niondoke."

Akaenda stoo anang'ata midomo. Akafungua, akalishika lile rundo la masinia lililokuwa limesimama mbele ya rafu, akalivuta, akampa Juliana. Sebuleni kwaya ikalipuka kwa Kiitaliano.

"Imekuja!" Kalisti akapaza sauti.

Bernadina akageuka kukimbia. Juliana akamshika mkono. "Haya yamebonyea, mwenzangu. Nipe yale ya chini." Na kwa adabu zote akayarudisha masinia palepale yalipotoka. Kwaya ikakatika katikati ya neno.

Bernadina akasimama. Akayatazama masinia, akaitazama taa ya kijani kwa nyuma, akautazama ukuta wa masufuria kuanzia sakafuni hadi darini. Harusi ya Rebeka. Msiba wa mzee wa kona. Siku vyombo viko nje!

"Mungu wangu," akasema. "Kumbe ni nyie mnaouziba mtandao!"

Kuing'oa ruta ilikuwa mpaka aitwe Stanslaus, na Stanslaus ukimwita asubuhi unamwona jioni. Kanuni ya kikundi nayo ilikuwa ukutani, imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Hakuisoma. Akajifunga khanga kiunoni. "Mama Nelly, shika upande huo. Toa! Toa yote!"

"Kuna shughuli gani?"

"Toa kwanza!"

Masufuria yakaanza kuburutwa koridoni, yanagongana, yanalia mtaa mzima. Mlangoni wakapishana na Kalisti, kofia kichwani, fimbo kwapani, anatoka.

"Baba Benjamini, kaa chini!"

Katika ndoa yao yote Bernadina hakuwahi kumwamuru hivyo. Kalisti mwenyewe alishangaa kujikuta amekaa.

Deli la mwisho lilipotoka, sauti ya padre ikajaa nyumba nzima, wala haikukatika tena. Bernadina akaingia sebuleni anahema, jasho linamtiririka. Na pale kwenye kioo, kwenye sakafu ya kanisa, Paskalia alikuwa amelala kifudifudi, mikono chini ya paji la uso, wakati litania ya watakatifu inaimbwa.

Nje, watu walikuwa wameshaona. Masufuria ya kikundi yametapakaa uani, wanawake wawili wanakimbizana wamejifunga khanga. Nani angeuliza? Walianza kuingia kimyakimya, khanga mabegani, wengine wameshaanza kufuta macho. Juliana alikuwa anajaribu kuwazuia mlangoni, hasikiki.

"Poleni jamani. Nani ametutoka?"

Halafu mmoja akainua macho kwenye TV, akamwona binti amelala chini katikati ya mishumaa, akamtambua. "Uwii! Ni Paskalia! Paskalia amekufa!"

Kilio kikapasuka. Aliyesimama ni Kalisti.

"Nyamazeni!" Ilikuwa sauti ya mnadani, ile inayosimamisha mafahali. "Nani kawaambia amekufa? Nani kasema?"

Kila mtu mle ndani alikumbuka nani aliwahi kusema, naye Kalisti akakumbuka. Akaishusha fimbo.

"Mwanangu mzima," akasema, sasa polepole. "Amelala tu mbele ya Mungu wake. Kaeni chini mumwone anavyoamka."

Wakakaa, kochini, mkekani, hata sakafuni. Litania ikaisha. Paskalia akanyanyuka, akaweka sawa shela yake, akainua uso. Kalisti alikuwa ameshasogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo, amekunja yale macho yake yenye ukungu. "Ng'wanone, mwanangu," akasema. "Umekonda."

Hakurudi kochini mpaka ibada ikaisha. Juliana aliponong'ona kama warudishe vyombo stoo, Kalisti alimnyooshea fimbo uani: vikae huko huko nje. Watu wakaanza kuaga, wengine wanacheka, wengine bado wanalia, maana machozi yalikuwa yameshaanza.

Kalisti akamsogelea mkewe. Safari hii alinong'ona, akaangalia pembeni.

"Jioni akipiga, usimwambie tena kwamba nimemsalimia," akasema. "Nipe hiyo simu nimsalimie mwenyewe."