Mavuno ya Mama

Leo sokoni Karatu nimesikia harufu ya maganda makavu ya maharage, nikamkumbuka mama akiwa kitandani, mguu umevunjika, na maharage yetu yakipasukia shambani. Nilijaribu kuyang'oa peke yangu, nikashindwa, nikalia.

Jumapili iliyofuata mchungaji alifupisha mahubiri, waumini wakaja moja kwa moja shambani kwetu, akina mama wamejifunga khanga juu ya nguo za ibada.

"Mnachafuka kwa ajili yangu," mama aliwaambia kupitia dirishani, kwa aibu.

Mzee wa kanisa alicheka. "Dada, ulipomuuguza mke wangu, uliogopa kuchafuka?"

Mama akafuta machozi. "Basi nitoeni nje, mnipe ungo. Mikono yangu haijavunjika."

Tukamkalisha kitini, tukambeba hadi nje, akapepeta nasi mpaka gunia la mwisho likajaa.