Miaka Tisa Ndani ya Jina la Marehemu

Saa moja asubuhi, beki wa kati anafunga kamba za viatu katika chumba cha kubadilishia nguo kinachonuka dawa ya kuchua. Mtunza vifaa anaita majina, anagawa jezi. Likifika lake, beki anakawia kidogo, kama anayesubiri mtu mwingine aitike.

Wenzake humwita Kisiki. Ana miaka thelathini na sita, na amecheza soka la kulipwa katika nchi nne. Katika tatu kati ya hizo, jina lililokuwa mgongoni halikuwa lake.

Alipotemwa na klabu ya kwanza akiwa na miaka ishirini na minne, wakala alimwambia umri umemtupa mkono. Akamletea pasipoti ya mchezaji mdogo kwake kwa miaka minne. Mwenyewe ameacha mpira, wakala alisema.

"Sikuuliza ameachaje," anasema Kisiki.

Alijua akiwa nchi ya tatu, mchezaji mgeni aliyesoma na kijana yule alipomnong'oneza: alizama mtoni, wiki moja kabla ya majaribio yake. Jumamosi iliyofuata, mashabiki elfu nane waliliimba jina lile. Kisiki aliwapungia mkono.

Tangu hapo akawa anaota maji. Mkewe anasema zaidi ya mara moja alimwamsha na kukuta vidole vyake vimekunjamana ngozi, kama vya mtu aliyeshinda akifua.

Miaka mitatu iliyopita, mazoezi yalipoisha, mama mmoja alikuwa amekaa peke yake jukwaani. Alikuwa amesafiri siku mbili kwa basi.

"Mwanangu nilimzika mwenyewe," alimwambia. "Lakini redio ilisema amefunga goli. Nikasema acha nikaone."

Kisiki alimwamkia, akamweleza yote. Mama hakufoka. Aliuliza tu kama goti la kushoto humuuma mvua inapokaribia, maana la mwanawe lilikuwa hivyo.

Linamuuma. Lilianza mwaka aliopokea pasipoti.

Wiki ile ile alijisalimisha kwa shirikisho la soka, akafungiwa mwaka mzima. Sasa yuko kwao, daraja la pili, kwa jina alilopewa na baba yake na mshahara usiofika robo ya ule wa zamani. Mama wa marehemu humpigia simu kila mwezi, humwita mwanangu.

Kabla ya kustaafu anataka goli moja tu.

"Litangazwe kwa jina langu," anasema. "Mama anasikiliza kila mechi. Ameniambia siku hiyo ndipo atazima redio, mwanawe alale."