Mshale wa Kabati la Tatu

Pale dukani hakuna aliyemwita jina lake. Walimwita Asilimia, kwa kuwa kutwa alipita kabati kwa kabati katika chumba cha siga, zile sigara nono za majani matupu, akisoma vipimo vya unyevu na kuviandika daftarini. Siga zikikauka hupasuka, zikilowa huota ukungu. Miaka kumi na mitano alisoma namba kwa sauti, na Mama Mkubwa, mpanga masanduku aliyemzidi umri, akaziandika huku akimtania kwamba anasoma kama anayeita wagonjwa hospitalini. Kisha Mama Mkubwa akastaafu, akahamia kwa bintiye. Asilimia akabaki akisoma kimoyomoyo na kujiandikia mwenyewe.

Asubuhi moja mwenye duka akamwonyesha siga za kabati la tatu. Zilikuwa zimepasuka kama visigino vya kiangazi. Hakufoka, aliuliza tu kipimo kilikuwa kikisemaje. Asilimia akafungua daftari: sabini, sabini, sabini, wiki sita mfululizo. Akagonga kioo cha kipimo kwa ukucha. Mshale haukutikisika.

"Nimekuwa nikiandika bila kutazama, bosi," alisema. "Sina la kujitetea."

Bosi akamwambia avipime vipimo vyote upya.

Akavitoa vyote tisa. Akatia chumvi kwenye vizibo vya chupa, akaidondoshea maji hadi ikalowa bila kuyeyuka, akafungia kila kipimo na kizibo chake kwenye mfuko usiopitisha hewa. Kesho yake kipimo kizima kinapaswa kusoma sabini na tano. Vinne vilisoma sawasawa. Vinne vilikuwa vimepotoka kidogo, akavirudisha kwa kuzungusha skrubu ya nyuma. Kile cha tatu kiling'ang'ania sabini yake.

Mchana akampigia Mama Mkubwa amsimulie. Huko wajukuu walikuwa wakilia.

"Mwanangu, ngoja niwaogeshe hawa, nitakupigia."

Siku hiyo hakupiga, wala ya pili yake.

Bosi hakumfukuza. Alinunua kipimo kipya, na Asilimia akakilaza na chumvi siku nzima kabla ya kukitundika. Kilizidi kwa mbili tu, akakirekebisha. Jioni akafunga chumba, akaenda kwake, akala amesimama karibu na jiko, maana kuketi mezani peke yake kulikuwa kumemchosha.