Siku Chuma Chakavu Walipokuja Kanduyi

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu Kitale, kijana mmoja wa kwaya alichomeka waya wa gitaa kwenye spika kabla ibada haijaanza. Spika ikatoa ule mngurumo wake wa chini, kama nyuki walio mbali. Kijana hakupiga hata noti moja. Aliliacha gitaa linanguruma hivyo huku akitafuta mahali pa kuweka Biblia yake. Mimi nilikuwa nimekwenda kuombea barua zangu za kazi, maana tangu nimalize chuo sina jambo jingine la kuombea, lakini mngurumo ule ukanitoa kanisani kabisa. Nilikuwa tena na miaka kumi na moja, nimekaa kwenye nyasi za Kanduyi, nikisubiri wimbo uanze.

Baba alikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo. Duka zima lilinuka dawa ya kupe, na harufu ile iliingia hadi kwenye mkate tuliokula pale mchana. Juu ya rafu ya mbolea palikuwa na redio, na Jumamosi alasiri kituo kimoja kilipiga muziki wa roki. Wateja wa Baba hawakuupenda. Mzee mmoja mfugaji aliwahi kuuliza kama redio imeharibika. Mama alisema ni kelele za watu wasio na kazi, na mwalimu wetu wa Sunday school alituonya kwamba ukiucheza muziki huo kinyumenyume utamsikia shetani akisalimia. Nilikosa usingizi siku mbili kwa sababu ya shetani huyo. Kisha nikaamua kwamba, kwa kuwa redio ya Baba haikuweza kurudi nyuma, nilikuwa salama.

Bendi niliyoipenda iliitwa Chuma Chakavu. Walikuwa vijana watatu kutoka Nairobi waliopiga roki kwa Kiswahili, na wimbo wao mkubwa uliitwa "Stima Imepotea". Ulieleza habari za mtu aliyeketi gizani, umeme umekatika, akingoja stima irudi. Beti mbili alikuwa akilalamika, halafu anayepiga gitaa, aliyejiita Radi, alianza kupiga peke yake bila maneno. Gitaa lilipanda taratibu, likashuka, likapanda tena, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi. Na hapo hapo, kila Jumamosi, mtangazaji aliingia na tangazo la mbegu za mahindi. Sikuwahi kuusikia mwisho, hata mara moja.

Mtu mwingine angeusahau. Mimi nilikuwa mtoto wa kulala nikiwaza kama ng'ombe wanajua kuwa kesho ni Jumatatu. Jambo la stima lilinikaa kichwani mwaka mzima. Ilirudi au haikurudi? Niliamini gitaa lilikuwa na jibu, kwamba likifika mwisho ningejua bila kuambiwa. Nilijifunza kuliimba gitaa lile kwa mdomo, ngwee-ngwe-ngwee, na kila nilipofika pale mtangazaji alipoingilia, nilinyamaza.

Kwa hiyo wakati redio ilipotangaza kwamba Chuma Chakavu watakuja Kanduyi, Bungoma, mwezi wa Agosti, bila kiingilio, nilimsumbua Baba mpaka akaahidi kunipeleka likizo kwa dada yake, Tata Njeri, aliyeolewa huko Kanduyi. Baba alikuwa na magunia ya chakula cha kuku ya kupeleka Bungoma, nami nikapelekwa pamoja nayo kwenye pikapu.

Tata Njeri alikuwa fundi wa nguo, mwanamke mnene mwenye sindano kwenye kola. Alikuwa amekaa Bungoma miaka mingi kiasi kwamba Kikuyu chake kilikuwa na vionjo vya Kibukusu, na wifi zake walimtania kwa Kibukusu naye akawajibu palepale. Binti yake, Nafula, alinizidi miaka miwili na hakukubali jambo lolote kirahisi.

"Ati wanapiga bure?" aliniuliza. "Bure ya nani? Hapa hata maji ya kunywa tunanunua."

Siku yenyewe tulikwenda sote watatu, Tata akiwa na mwavuli na leso ya kukalia. Nilikuwa nimejiandaa kwa jukwaa refu na moshi, kama nilivyowahi kuona kwenye televisheni ya jirani. Katikati ya uwanja wa shule tulikuta lori la matangazo ya sabuni ya kufulia. Ubavu wake mmoja ulikuwa umefunguliwa, na hilo ndilo lililokuwa jukwaa. Nyuma ya ngoma palikuwa na picha kubwa ya mama anayecheka akianika shati jeupe. Mshereheshaji alirusha vipakiti vya sabuni kwa muda mrefu sana, akituuliza nani mama yake anafua kwa mkono. Nafula alidaka viwili.

"Hata kama hawataimba," alisema, "mimi nishapata faida yangu."

Hatimaye walipanda. Radi alivaa miwani myeusi na jaketi la ngozi katika jua lile la Kanduyi. Nilimwona mrefu kuliko watu wote niliowahi kuwaona. Mshereheshaji akasema, "Kutoka Nairobi." Nafula akamkodolea macho, kichwa kaweka upande.

"Huyo si wa Nairobi. Hiyo pua ni ya Malakisi, hapa hapa Bungoma."

"Ametoka Nairobi, wamesema."

"Haya. Na mimi nimetoka London."

Nilimchukia Nafula kwa dakika hiyo. Radi hakuwa wa Malakisi wala wa mahali popote. Alikuwa wa redioni.

Walipiga nyimbo mbili ambazo watu walizisikiliza kwa adabu, kama hotuba ya afisa wa kilimo. Wa tatu ulikuwa "Stima Imepotea". Ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, kisha Radi akasogea mbele ya lori na kuanza kupapasa ule ukuta wake. Lilikuwa gitaa lile lile, ila sasa nililisikia kifuani, na nyasi zilitetemeka chini yangu. Alipita mahali ambapo mtangazaji huingilia. Akapita kabisa. Nilisikia noti nne au tano ambazo sikuwahi kuzisikia maishani.

Ndipo njuga zikalia barabarani.

Ulikuwa mwaka wa jando. Huko Bungoma, Agosti ya mwaka kama huo, mvulana anayekaribia kutahiriwa hupita nyumba za jamaa zake kuwaalika, mikononi ana chinyimba, zile njuga za chuma anazozigonga kwa bangili, na nyuma yake kundi zima linaimba likitimua vumbi. Ukiwasikia wakipita, unatoka. Hakuna anayekutuma. Fundi anaacha matofali na mwuza nyanya anaacha nyanya zake.

Uwanja wote uligeuza shingo kwa pamoja. Nafula alisimama kwanza. "Ni wa kwa kina Wekesa," akasema, na akakimbia na sabuni zake. Watu wakamfuata, wazee na akina mama wenye watoto mgongoni, mpaka wale vijana waliokuwa wakilinda lori. Nilimtazama Radi, nikimsihi kwa macho aendelee. Alipiga noti mbili zaidi. Vidole vikasimama. Aliinua miwani, akasikiliza, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeitwa kwa jina. Akavua mkanda wa gitaa, akalilaza gitaa taratibu juu ya sakafu ya lori likiwa bado linanguruma, akaruka chini na jaketi lake na kukimbilia barabarani. Punde nikaisikia sauti yake juu ya sauti zote, akianzisha wimbo kwa Kibukusu, na barabara nzima ikimwitikia.

Tata Njeri alikuwa ameshasimama, anakunja leso.

"Nyambura, twende."

"Wimbo haujaisha."

"Wimbo umeenda barabarani. Wewe unabaki na lori?"

"Atarudi aumalize."

Alinitazama, akanitandikia tena leso, akaniachia mwavuli. "Usitoke hapo," akasema, na akaondoka kwa mwendo ambao sikujua anao. Nikamwona akiingia kwenye lile kundi, mikono juu, anaimba maneno yote bila kukosea.

Nilibaki na mpiga besi na mpiga ngoma, ambao walikaa ukingoni mwa lori wakigawana maandazi.

"Si nilisema tusikuje Agosti," mpiga besi akasema.

"Ungemzuia aje? Mwezi mzima anaongea tu juu ya Agosti."

Mshereheshaji, kwa sababu alilipwa kuongea, aliendelea kuniuliza mimi peke yangu, kwa kipaza sauti, kama nguo zangu nyeupe huwa zinang'aa.

Niliketi pale nikiwa nimenyooka kama niko kwenye mtihani. Niliogopa nikisimama nitakosa nafasi yangu, ingawa uwanja mzima ulikuwa nafasi. Kisha mvua ikaja, ile ya Bungoma ya alasiri ambayo haibishi hodi. Wakafunika ngoma kwa turubai, wakaanza kuzungusha waya. Mwavuli haukutosha, nikakimbilia chini ya ubavu wa lori, nikasimama kati ya katoni za sabuni, na hapo ndipo Radi aliponikuta.

Alikuwa amelowa chapachapa. Jaketi alikuwa amelifunga kiunoni, miwani haipo, viatu vimegeuka tope. Sauti ilikuwa imemkauka. Bila miwani alifanana na kijana yeyote anayebeba magunia sokoni.

"Wewe mbona hukuja?" akaniuliza, kama vile tulikuwa tumepanga.

"Nilikuwa nangoja wimbo uishe."

"Uishe?" Alicheka, akajifuta uso kwa kiganja. "Ule hauna mwisho. Studio tulishusha sauti polepole, basi. Ikapotea hivyo."

Nikauliza. "Kwa hiyo stima ilirudi?"

Alifikiri kweli kweli. "Hata mimi sijui, bana. Wewe ni wa wapi?"

"Kitale."

"Si hapo tu? Sasa mtu wa Kitale anakaa na lori, njuga zikipita?" Alitikisa kichwa, amechukizwa kidogo. "Si ungekuja."

Wakamwita apande. Lori likaondoka na yule mama wa shati jeupe, na mimi nikarudi kwa Tata nikiwa nimenuna. Jioni tulikula ugali na kuku, Nafula akisimulia nani alicheza vipi na nani aliangusha kiatu. Alipoona sicheki akasema, "Mwacheni, ameachwa na sabuni." Nililia chooni. Kwa miaka mingi, mtu akiniuliza kwa nini siendi kwenye tamasha za muziki, nilisema nilishawahi kwenda moja.

Nilikuja kuusikia wimbo ule wote baadaye, kwenye simu, nikiwa chuo. Ni kweli. Sauti inashuka polepole hadi inapotea. Nilirudia mara kadhaa nikitafuta kitu nyuma ya kimya kile, halafu nikacheka.

Lakini si hilo ninalotaka kukwambia. Mwezi uliopita niliketi mbele ya watu watatu kwenye mahojiano ya kazi. Mmoja alilisoma jina langu la Kikuyu, akauliza natoka wapi. Nikasema Kitale. Akatabasamu. "Hapana, kwenu kabisa." Swali hilo nalijua tangu nilipokuwa mdogo, tangu mwaka ule wa ghasia za uchaguzi, tulipolala kanisani na Baba akafunga duka. Nimeshalijibu kwa namna zote. Siku hiyo nilijibu kwa maneno mengi mno, kuhusu babu na shamba na Kitale tena, hadi wakaanza kutazama saa. Usiku kucha niliyapanga upya maneno yangu, kana kwamba kuna mpangilio ambao ungewatosha.

Asubuhi ndipo nilipomkumbuka Radi akiwa amelowa. Aliniuliza mara moja tu. Alipata jibu, akaona limetosha, akaendelea kunikasirikia. Na mgeni hakasirikiwi kwa kutokuja. Mgeni anashukuriwa akija na anasamehewa asipokuja. Anayeulizwa "mbona hukuja" ni mtu wa nyumbani.

Siku ile nilidhani nimeachwa uwanjani kwa sababu kila mtu alikuwa na mahali pake pa kukimbilia isipokuwa mimi. Tata Njeri alikuwa ameniambia twende. Radi mwenyewe alishangaa kwamba sikwenda. Ni mimi niliyeona barabara ile ina wenyewe, nikabaki kwenye nyasi nikimngoja mtu anipigie mwisho ambao hata yeye hakuwa nao.