Kitasa cha Chumba cha Mama

Fundi wa vitasa alikuwa na masharti mengi kuliko mganga, na sharti kuu lilikuwa hili: mlango wa chumba anacholala mtu hauwekwi kitasa kisichofunguka kwa ndani bila ufunguo. Mteja angebembeleza, angenuna, angemwita mjeuri. Yeye angefunga mkoba wake wa vifaa akaenda zake. Sharti hilo hakulitunga. Alilirithi kwa mama yake, pamoja na tupa, bisibisi na ulimi mkali, maana mama ndiye aliyemfundisha kazi. Zamani mama aliitwa kwenye nyumba iliyoungua, avunje mlango ambao aliyekuwa ndani hakuweza kuufungua. Alichokikuta hakukisimulia. Tangu hapo hakuweka tena kitasa cha namna ile, hata umlilie machozi ya damu.

Na sasa, Jumapili mchana, fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya chumba cha mama huyohuyo, na kitasa cha namna ileile kikiwa sakafuni, bado ndani ya boksi.

Mama alikuwa amepoteza kumbukumbu. Alisahau wajukuu, akasahau na wanawe, ila vidole vyake havikusahau kitu. Waliweka komeo, akaling'oa. Waliweka kitasa cha kawaida, akakifungua huku akiguna kwamba kimewekwa na fundi kanjanja. Fundi alicheka, ikamuuma pia, kwa kuwa kanjanja mwenyewe alikuwa yeye. Kisha mama akakutwa katikati ya barabara kuu akiwa na gauni la kulalia, lori limefunga breki mbele yake, dereva analia kama mtoto. Hapo kicheko kikakauka.

Kaka yake mkubwa, anayefundisha maadili chuoni, alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi. Mdogo wao wa mwisho, anayeishi na mama, alikuwa amejilaza kwenye kochi hilohilo, macho mekundu.

"Tulitazame taratibu," kaka akasema. "Kuna wanaopima tendo kwa matokeo yake. Akitoka atagongwa, ukifunga atapona. Basi funga."

"Na moto ukiwaka?" fundi akauliza. "Hayo si matokeo?"

"Ni matokeo. Ila lori tumeliona, moto hatujauona."

"Mama aliuona."

Kaka akainua kidole cha pili. "Haya. Wengine wanasema yapo mambo hayafanywi, hata yakileta heri. Mtu si gunia la kufungiwa stoo ili wengine wapumue. Na wewe ulimwahidi mama hutaweka kitu hicho."

"Kwa hiyo nisifunge."

"Kwa njia hiyo, usifunge. Halafu kuna wanaouliza: mtu mwema, mwenye huruma na busara, angefanyaje?"

"Angefanyaje?"

Kaka akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Sijui, mdogo wangu. Darasani nikifika hapo huwaambia wajadiliane, mpaka kengele ilie."

"Huyo mtu mwema aje ashike zamu," mdogo wao akasema bila kuinua kichwa. "Kaka, nakuheshimu. Lakini mimi nikisinzia tu, mama yuko barabarani. Jana nimejifungia chooni nikalia. Dada, nitamuua mama kwa kulala tu. Unanielewa?"

Fundi, dada yake, alimwelewa. Njia nyingine zote walishazipitia. Msaidizi wa mwisho aliondoka bila kuaga. Kwa kaka ni ghorofani, na kibaraza chake kina ukuta wa kufika kiunoni. Yeye fundi ana chumba kimoja na kutwa yuko kwenye milango ya watu. Kila alipogeuka alikuta ukuta, na fundi mzima hakuwa na cha kuufungulia. Akachukua patasi.

Mama alikuwa ameketi kitandani, akimtazama kwa macho ya mtu wa kazi.

"Fundi, samahani," akasema kwa adabu. "Nani analala humu?"

"Mama yangu mzazi."

"Basi hicho usikiweke, mwanangu. Kakipeleke ghalani."

Siku hizi alimwita kila mtu mwanangu, hata mwuza mkaa. Fundi alitaka kufa palepale. Mikono iliendelea na kazi, ikachimba, ikakaza parafujo moja baada ya nyingine, na ilikuwa kazi safi, aibu yake ni hiyo.

Akatoka, akavuta mlango, akazungusha ufunguo. Upande wa pili vidole vikaja, vikakipapasa kitasa polepole, juu, chini, pembeni, vikakosa pa kushika. Vikaacha. Kwenye kochi mdogo wao alikuwa ameshalala fofofo, mdomo wazi. Kaka alikuwa akitazama viatu vyake.

Kisha mlango ukagongwa, kistaarabu kabisa, kutoka ndani.

"Hodi."

Fundi akaukaza ufunguo mkononi. Angejibu karibu, angemkaribisha wapi?

"Hodi wenyewe," mama akarudia. "Jamani, mwenye nyumba yupo?"

Fundi akaegemeza paji la uso kwenye ubao. Ufunguo ulikuwa umemwachia alama kiganjani.

"Hayupo, mama. Ametoka."

"Aa," mama akasema, na kitanda kikalia alipoketi. "Basi nitamngoja."